Tom Mboya: mtu wa Rusinga aliyechaguliwa na Eastlands

Kila uchaguzi unapokaribia hapa kwetu Pwani, swali la kwanza barazani huwa ni moja: huyu mgombea ni wa wapi? Ni mtu wa hapa au ni wa kuja? Mvita, Kisauni, Changamwe, Likoni, kote swali hilo halikosi, na mara nyingi huwa ndilo la mwisho pia. Mimi nimeishi Nairobi miaka mingi, nikipanga chumba Majengo ya Pumwani kisha Shauri Moyo, na nikilisikia swali hilo humkumbuka mtu ambaye mitaa ile ya mashariki ilimpa kura katika chaguzi tatu kubwa, ilhali wengi wa wapiga kura hawakuwa wa kabila lake. Namzungumzia Tom Mboya.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la Mzungu ambako baba yake aliajiriwa. Asili yake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Kwa hivyo tangu utotoni alikulia miongoni mwa watu wa makabila mengine, akazizoea lugha zao. Alisoma shule za misheni, ikiwemo Mang'u, lakini karo ikawa tatizo, akaingia chuo cha mafunzo ya afya Kabete. Mwaka 1951 baraza la jiji la Nairobi likamwajiri kuwa bwana afya.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha jiji. Bwana afya alikuwa na mishahara miwili kulingana na rangi ya ngozi, na Mboya alipata ule mdogo. Yeye mwenyewe alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, kisha akamuuliza iwapo hakuna mtu mle ndani. Mambo kama hayo ndiyo yaliyomsukuma kuwakusanya wafanyakazi wenzake katika chama cha wafanyakazi.

Eastlands ya wakati ule ilikuwa ndiyo Nairobi ya Mwafrika. Pumwani ilikuwa kongwe, yenye nyumba za Kiswahili, misikiti na wazee waliotoka Pwani. Kulikuwa na Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, Makongeni ya watu wa reli, na Mbotela, mtaa uliopewa jina la Tom Mbotela, diwani mwenye asili ya Frere Town, Mombasa, aliyeuawa mwaka 1952. Utaona basi, ndugu msomaji, kwamba sisi wapwani si wageni katika historia ya mitaa ile.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, viongozi wa siasa walikamatwa, na mwaka uliofuata chama cha KAU kikapigwa marufuku. Aprili 1954 serikali ikafanya msako mkubwa Nairobi, na makumi ya maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakachukuliwa kwenda vizuizini au kurudishwa mashambani. Vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu sauti pekee ya Mwafrika. Mboya, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alikuwa amekwisha kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Hapo ndipo Mombasa ilipomjua. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Kilindini waligoma. Mboya alishuka kutoka Nairobi, akazungumza na wagomaji na waajiri, akawashawishi wafanyakazi warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi. Uamuzi ulipotoka, mishahara ilipanda kwa karibu theluthi moja. Makuli hawakumuuliza kwao ni wapi.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo Oxford, alirudi na kuingia katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika wa Kenya kujichagulia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Pwani ilimchagua Ronald Ngala. Kiti cha Nairobi kiligombewa na Mboya dhidi ya wakili Clement Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake, aliyekuwa amewatetea mahakamani watuhumiwa wa Mau Mau. Mboya alishinda kwa tofauti ndogo.

Lakini tuseme ukweli wote. Uchaguzi ule haukuwa wa kila mtu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato na mali, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Wengi wa wakazi halisi wa Nairobi walikuwa nje ya daftari. Aliyetaka kumpuuza Mboya angeweza kusema ushindi wake ulitokana na vizuizi hivyo.

Jibu lilikuja mwaka 1961. Safari hii daftari lilikuwa pana zaidi, na katika jimbo la Nairobi Mashariki wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Mpinzani wake mkuu alikuwa Dk. Munyua Waiyaki, tabibu wa ukoo mashuhuri wa Kikuyu, aliyeungwa mkono na wakubwa wa KANU waliotaka Mboya aanguke, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho. Kwa hesabu ya kabila, alikuwa amekwisha. Kura zilipohesabiwa, Mboya alipata zaidi ya 30,000, na Waiyaki hakufikia 3,000.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mboya alikuwa ameunda chama chake cha Nairobi chenye matawi mitaani, na mikutano ya kila mara. Alidai Kenyatta afunguliwe. Mwaka 1959 alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani, na mwaka uliofuata wakaenda wengi zaidi kwa msaada wa familia ya Kennedy. Wanafunzi hao walitoka makabila mbalimbali. Mama wa Bahati ambaye kijana wa jirani yake alipanda ndege ile hakuhitaji kuelezwa Mboya ni nani.

Mwaka 1963 alichaguliwa tena, katika jimbo la Nairobi ya Kati, ambalo leo twalijua kama Kamukunji.

Sasa nifike mahali ambapo sisi wa Pwani tuna neno naye. Ngala na chama chake cha KADU walipigania majimbo, ili mikoa midogo isimezwe na serikali ya Nairobi. Mboya alikuwa upande wa pili, na akiwa waziri wa sheria na katiba ndiye aliyesimamia mabadiliko ya mwaka 1964 yaliyoyavunja majimbo hayo na kuifanya Kenya jamhuri yenye mamlaka makubwa mikononi mwa rais. Alikuwa pia fundi mkuu wa mkutano wa Limuru wa mwaka 1966 uliomng'oa Oginga Odinga katika nafasi ya makamu wa rais wa chama. Naona alikosea katika jambo la majimbo. Ilibidi tungoje katiba ya 2010 ndipo madaraka na fedha zianze kurudi kaunti. Na serikali ile yenye nguvu kupita kiasi, aliyosaidia kuijenga, haikuweza kumlinda.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana, Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38, naye ni waziri wa mipango ya uchumi. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa, lakini maswali kuhusu aliyemtuma hayajaisha hadi leo. Mazishi yalifanyika Rusinga.

Aliyekufa hakuwa mtu mmoja tu. Miezi iliyofuata ilikuwa ya viapo vya kikabila, ya damu Kisumu mwezi Oktoba, na ya kupigwa marufuku kwa chama cha Odinga. Majirani waliompigia kura mtu mmoja mwaka 1961 wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Nikiishi Shauri Moyo nilikuta bado kuna nyumba ambazo watu walijua ni ya nani na hupiga kura wapi. Mwaka 2007 uchaguzi wa Kamukunji ulivurugika hata ukabatilishwa na kurudiwa. Hata hivyo mbegu haikufa kabisa: mwaka 2011 jimbo hilo hilo lilimchagua Yusuf Hassan, mwandishi wa habari ambaye sauti yake wengi wetu tuliijua redioni.

Sisemi asili ya mtu haina maana. Pwani imeporwa ardhi na nafasi, na hofu yetu ina sababu. Lakini wapiga kura wa Nairobi Mashariki walikuwa na hofu kubwa kuliko zetu: ndugu zao walikuwa vizuizini, na mashamba yao yamechukuliwa. Pamoja na hayo walimpima mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya kabla ya kuja kuomba kura. Sisi nasi tuna watu wa hapa hapa waliokaa bungeni vipindi viwili bila hata zahanati ya kuonyesha. Wakija tena mwaka wa uchaguzi, tuwaulize kazi yao iko wapi, na swali hilo hilo tumuulize na wa kuja.