Mama Fannie Lou Hamer, Mwimbaji Aliyerudi Ofisini

Tunapoadhimisha jubilii ya kwaya yetu tumeona vyema kumkumbuka mwimbaji mmoja wa mbali, ambaye sauti yake ilitoka kanisani ikawafikia watawala wa nchi.

Fannie Lou Hamer alizaliwa Mississippi, Marekani, tarehe 6 Oktoba 1917, akiwa kitindamimba wa watoto 20. Wazazi wake walilima pamba katika mashamba ya Wazungu kwa kugawana mavuno. Hesabu ilifanywa na mwenye shamba, na deni likabaki kwao. Fannie alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6.

Agosti 1962, katika mkutano kanisani mjini Ruleville, alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Alikuwa na miaka 44. Tarehe 31 alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Huko waliwekewa mtihani wa kueleza katiba ya jimbo, na msahihishaji alikuwa karani Mzungu. Hakufaulu. Wakirudi, polisi walisimamisha basi na dereva akatozwa faini, eti rangi yake inafanana mno na ya basi la shule. Hofu ilipowashika abiria, Mama Hamer alianzisha nyimbo za kanisani, nao wakaitikia.

Usiku huo alifukuzwa katika shamba alilofanyia kazi miaka 18. Nyumba ya waliompokea ikapigwa risasi 16. Hata hivyo alirudi kufanya mtihani, na Januari 1963 akafaulu. Kumbe hiyo pia haikutosha: alidaiwa risiti za kodi ya kupigia kura.

Juni mwaka huo alikamatwa Winona akitoka kwenye mafunzo. Gerezani alipigwa hadi figo ikaumia na jicho likapungua nguvu, na madhara hayo hayakumtoka maisha yake yote. Humo gerezani waliimba.

Mwaka 1964, mjini Atlantic City, alieleza hayo yote mbele ya kamati ya chama cha Democratic, akipinga wajumbe wa Mississippi waliokuwa Wazungu watupu. Kundi lake likapewa viti 2 tu, wakavikataa. Mwaka 1965 sheria ya haki ya kura ilipitishwa, na mitihani ile ikaondolewa Mississippi. Mwaka 1968 aliketi Chicago akiwa mjumbe kamili.

Alijua pia kwamba anayemtegemea mwenye shamba kwa chakula hupiga kura kwa woga. Kwa hiyo mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika, familia maskini zipate mboga na nguruwe wa kufuga. Alifariki tarehe 14 Machi 1977, akiwa na miaka 59.

Wimbo haukumfungulia Mama Hamer mlango wa ofisi ile. Uliwatuliza watu ndani ya basi, kisha yeye mwenyewe akarudi Indianola mara ya pili na ya tatu. Nasi tumeimba miaka mingi juu ya haki ya Mungu. Tukishavua sare zetu Jumapili, tumsindikize jirani anayezungushwa ofisini hadi apate haki yake. Mungu atujalie.