Käthe Kollwitz: Ilimchukua miaka 18 kumlilia Peter

Mwaka wa 1914 Peter, kijana wa miaka 18 tu, alitaka kwenda vitani. Ujerumani ilidai idhini ya mzazi, na babake, daktari wa maskini jijini Berlin, akakataa katakata. Mamake ndiye alimbembeleza mzee hadi akakubali. Oktoba hiyo hiyo Peter akauawa Ubelgiji.

Mama huyo ni Käthe Kollwitz, msanii wa sanamu na michoro ya kuchapa: unachonga ubao, unapaka wino, unagandamiza karatasi. Awali alikuwa amefundisha wasichana sanaa Berlin, na 1919 akapewa uprofesa.

Lakini sanamu ya Peter ilimshinda. Alianza, akavunja, akaanza tena. Hebu fikiria, ilikamilika 1932! Ni baba na mama wamepiga magoti makaburini Ubelgiji, kila mmoja peke yake, kama wanaoomba msamaha. Peter mwenyewe hayumo.

Mwaka uliofuata utawala wa Hitler ulimng'oa kazini. Mwaka wa 1942 mjukuu wake, naye pia Peter, akafa vitani Urusi. Käthe alifariki Aprili 1945, vita vikibakisha wiki mbili hivi.