Profesa Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa, Bingwa wa Wadudu

Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere, na baadaye Cambridge, Uingereza. Taaluma aliyoishika ni ya wadudu, na Waafrika waliokuwa nayo siku zile walihesabika kwa vidole.

Alipokuwa akifanya kazi ya kilimo Uganda miaka ya 1950, alimchungua mdudu mmoja wa ukoo wa kunguni. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1959: kwa mdudu huyo mlezi si mama. Dume ndiye asimamaye juu ya mayai akiyalinda. Miongoni mwa maadui wa mayai ya namna hiyo ni nyigu wadogo mno, ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya wengine.

Mwaka 1970 alianzisha mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ICIPE. Katika muongo huohuo nyumba za Buruburu zilikuwa zikiinuka upande wa Eastlands, na midomo ya kulishwa mjini ikizidi. Sima ya Buruburu hutoka mashambani, na huko viwavi hutoboa mabua ya mahindi. Mmoja wao, mgeni kutoka Asia, aliwasumbua sana wakulima wa Pwani yetu. Dawa za sumu ni ghali, na kiwavi akishaingia ndani ya bua hazimfikii.

Profesa alishikilia kwamba Afrika lazima iwe na wataalamu wake, na kwamba mdudu hushindwa na amjuaye. Chini ya uongozi wake kituo kilileta kutoka Pakistan adui wa asili wa kiwavi huyo, nyigu aitwaye Cotesia flavipes. Mwaka 1993 aliachiliwa kwanza huku Pwani.

Nyigu huyo ana maumbile ya ajabu. Yai lililopata mbegu huwa jike, lisilopata huwa dume, na mbegu mama huziweka akiba mwilini. Basi yeye ndiye apimaye. Huingia ndani ya bua na kumdunga kiwavi mayai makumi kadhaa, majike wengi na madume wachache, kwa kuwa madume wachache huwatosha majike wote watokao pamoja. Kwa mkulima hiyo ni neema, maana jike ndiye amwindaye kiwavi. Miaka iliyofuata, viwavi hao walipungua Pwani.

Mwaka 1985 Profesa alishiriki kuunda Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Aliondoka ICIPE mwaka 1994, akafariki Mei 2003. Kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kimepewa jina lake. Mpwani avunaye gunzi zima, na mama wa Buruburu asongaye sima, huenda wasimjue. Lakini wamekula katika jasho lake.