Arthur Wharton: kipa wa kwanza mweusi wa kulipwa, na kaburi lake halikuwa na jina

Kaa maskani yoyote hapa Dabaso jioni, mechi imekwisha na vijana wameketi chini ya mwembe, upepo wa Mida unawapiga. Uliza swali moja tu: mchezaji wa kwanza kutoka Afrika kulipwa kucheza mpira Ulaya ni nani? Ubishi utaanza hapo hapo. Huyu atasema George Weah. Yule atasema Samuel Eto'o. Na lazima atokee mmoja wa kumtetea McDonald Mariga, kwa sababu Mariga ni wetu na mwaka 2010 alichukua Ligi ya Mabingwa akiwa na Inter Milan.

Wote wamekosa, tena kwa mbali. Weah alitua Monaco mwaka 1988. Jamaa ninayetaka kuwasimulia leo alianza kulipwa mwaka 1889, karibu miaka mia moja kabla yake.

Anaitwa Arthur Wharton. Alikuwa kipa, na anatambulika kama mwanasoka wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani. Kama unadhani mtu wa aina hiyo alizeeka kwenye jumba lenye bustani, tulia kwanza.

Mtoto wa mhubiri

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865, Jamestown, mjini Accra. Nchi wakati huo iliitwa Gold Coast, leo ndiyo Ghana. Babake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada, kule Karibi. Mamake alikuwa Mfante mwenye damu ya kifalme. Kwa hivyo huyu hakuwa mtoto wa kuokoteza maisha. Kwao kulikuwa na jina, na karo ilipatikana.

Sisi watu wa pwani Wamethodisti si wageni kwetu. Misheni yao ya Ribe, hapa hapa Kilifi, ilianza mwaka 1862, miaka mitatu kabla Wharton hajazaliwa. Kwa hivyo mpango wao tunaujua: kijana mwenye kichwa asome, kisha arudi awafundishe wenzake. Wharton alikuwa amewekewa njia hiyo hiyo. Mwaka 1882 alipelekwa Uingereza kusomea kazi ya dini na ualimu, na kufikia 1884 alikuwa katika chuo kimoja mjini Darlington, kaskazini mwa nchi. Babake alikuwa ameshafariki. Nyumbani walibaki wakimngoja mhubiri.

Mhubiri hakurudi. Kijana aligundua miguu yake.

Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo najua ile simu ya nyumbani huwaje, ile ya mzazi kunyamaza upande wa pili mpaka unadhani laini imekatika. Ila mimi niliacha nikiwa sina cha kuonyesha. Wharton alikuwa nacho.

Sekunde 10

Julai 1886, Stamford Bridge, London. Ndiyo, Stamford Bridge hiyo hiyo ya Chelsea, ila Chelsea yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianzishwa 1905. Wakati huo pale palikuwa uwanja wa riadha, na Wharton aliingia mbio za yadi 100, kama mita 91 hivi, kwenye mashindano ya taifa ya wanariadha wasiolipwa.

Alimaliza kwa sekunde 10 kamili. Hakukuwa na vibao vya kuanzia mbio wala viatu vya maabara. Kijana wa Accra wa miaka 20 akawa ndiye bingwa wa mbio fupi Uingereza, na mwaka uliofuata akarudi akalitetea taji lake.

Na hakuishia hapo. Alicheza kriketi. Alipanda baiskeli kutoka Preston hadi Blackburn na kuweka rekodi. Halafu, katikati ya yote hayo, alikuwa anadaka mpira. Darlington ndiyo timu iliyomtoa.

Utauliza, mtu mwenye kasi ya namna hiyo anawekwaje golini? Ni lazima ujue sheria za wakati ule. Hadi mwaka 1912 kipa aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, si kwenye boksi peke yake. Halafu washambulizi waliruhusiwa kumvaa kipa kwa bega na kumwangusha wavuni, hata kama mpira hana. Kipa mzito mguuni alikuwa anajitafutia hospitali. Kipa mwenye mbio za sekunde 10 alikuwa kama mchezaji wa ziada.

Preston North End, moja ya timu kali kabisa wakati huo, ikamwona ikamchukua. Msimu wa 1886-87 alikuwa golini wakafika nusu fainali ya Kombe la FA, wakatolewa na West Bromwich Albion.

Alipokosea hesabu

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kila nikiifikiria. Mwaka 1888 Wharton aliondoka Preston ili akimbie kwa malipo. Ukiangalia, ilikuwa hesabu ya maana. Kule Sheffield mbio za kulipwa zilikuwa biashara kubwa, watu wanaweka dau na mshindi anaondoka na pesa mkononi. Mpira wenyewe ulikuwa umeruhusiwa kulipa wachezaji tangu 1885 tu, na hakuna aliyejua utafika wapi.

Mwaka huo huo wa 1888 ligi ya Uingereza ikaanza, klabu 12. Preston ikachukua taji la kwanza bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, na Kombe la FA ikabeba juu yake. Kikosi kile hadi leo kinatajwa kwa heshima. Wharton hakuwemo.

Mwaka 1889 akarudi kwenye mpira, safari hii kwa mshahara, katika klabu ya Rotherham Town. Hapo ndipo historia inapomwandika kuwa mchezaji wa kulipwa. Lakini Rotherham haikuwa Preston. Ilikuja kuingia ligi ya taifa mwaka 1893, tena daraja la pili, na kufikia 1896 ilikuwa imeshatoka.

Kipa wa vituko

Mashabiki walimpenda, na si kwa huruma. Alikuwa na ngumi ambayo mpira ulikuwa unatoka golini kama umepigwa teke. Kuna hadithi iliyosimuliwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekuwa uwanjani siku hiyo. Anasema Wharton aliurukia mwamba wa goli, akaning'inia, akaunasa mpira kwa miguu, na washambulizi watatu waliokuwa wanamjia wakapitiliza wakaangukia wavuni. Hebu jaribu hilo Jumapili hii uone kocha atakuambia nini.

Pia alikuwa na tabia ya kuchuchumaa pembeni mwa goli kana kwamba mechi haimhusu, halafu anachomoka ghafla. Akidaka, watu wanacheka na kushangilia. Akikosa, magazeti yanamshukia, na kumshukia kwenyewe kulianzia kwenye rangi ya ngozi yake. Kipa mzungu akifungwa alikuwa na siku mbaya. Wharton akifungwa, waandishi walianza kuuliza kama kichwa cha mtu mweusi kinaweza kuelewa kazi hiyo.

Mwaka 1890 alioa, mke wake akiitwa Emma Lister. Pembeni ya mpira alikuwa anaendesha baa, kama walivyofanya wachezaji wengi enzi hizo, kwa sababu mshahara wa mpira peke yake haukutosha kumfanya mtu alale usingizi.

Tena karatasi zenyewe zilikuwa zinamlalia mchezaji. Kuanzia 1893 klabu ilikuwa na haki ya kubaki na usajili wako hata baada ya msimu wako kwisha. Hawakulipi, na hawakuachii. Mwaka 1901 ikaja sheria nyingine: hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata awe nani. Kikomo hicho cha mshahara kiliondolewa 1961, wakati Wharton ameshaoza kaburini.

Benchi, kisha kushuka

Mwaka 1894 bahati ilibisha hodi. Sheffield United, timu ya daraja la kwanza, ilimsajili. Shida ni kwamba kipa wao alikuwa William Foulke, bonge la mtu ambaye baadaye alipita kilo 120, na ambaye kumtoa golini ilikuwa kazi kweli kweli. Wharton akala benchi. Februari 1895 alipangwa dhidi ya Sunderland, na hiyo ikamfanya mtu mweusi wa kwanza kucheza daraja la juu la Uingereza. Alikuwa na miaka 29. Hakupata mechi nyingine ya ligi pale.

Baada ya hapo ni maisha ambayo kila kijana wa ligi za chini anayajua. Akarudi Rotherham. Akaenda Stalybridge Rovers. Akahamia Ashton North End, na mwaka 1899 klabu ikafilisika. Akarudi Stalybridge. Mwisho akaishia Stockport County, daraja la pili, msimu wa 1901-02. Alicheza mechi chache akatundika glavu, ingawa glavu zenyewe makipa wa siku zile wengi hawakuvaa. Alikuwa na miaka 36.

Kurudi nyumbani je? Alijaribu. Miaka ya 1890 aliomba kazi ya serikali Gold Coast, nchi aliyozaliwa, ambako familia yake ilijulikana. Wakoloni walimkatalia. Sifa zake za michezo, ambazo ungedhani zingemfungulia mlango, waliziona hazimfai ofisa wa serikali. Ukiwa Uingereza wewe ni Mwafrika, ukiomba Afrika wewe ni mchezaji tu.

Chini ya ardhi

Bingwa wa sekunde 10 aliishia kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Alifanya kazi Edlington, karibu na Doncaster, kwenye mgodi wa Yorkshire Main, katika kikosi cha kusogeza vigari vya makaa. Hiyo ni kazi ya gizani na vumbi, na aliifanya kwa miaka mingi.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akiwa na miaka 65, mgonjwa na bila pesa. Alizikwa Edlington katika kaburi la watu wasiojiweza. Hakuna jiwe, hakuna jina. Mtu ambaye maelfu walilipa kiingilio kumwona aliwekwa chini kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Kaburi lilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 66. Mwaka 1997, kampeni ya watu wa Sheffield wanaopinga ubaguzi kwenye mpira ilifanikiwa kumwekea jiwe. Mwaka 2003 aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa soka la Uingereza. Mwaka 2014 sanamu yake ilisimamishwa St George's Park, kambi ya timu za taifa za Uingereza. Inamwonyesha akiwa hewani, mkono umenyooka, anautoa mpira juu ya mwamba.

Sanamu ni nzuri. Lakini pesa ya ile shaba angepewa mwaka 1902, pengine asingeshuka mgodini.

Na sisi je?

Naandika haya kwa sababu hapa kwetu, kuanzia Gede hadi Watamu, wamejaa vijana wanaocheza ligi za chini. Wengine wanapewa nauli na soda. Wengine wanaahidiwa mshahara mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe hauishi. Ukivunjika mguu, kikundi cha WhatsApp kinatuma emoji za pole na Jumapili namba yako anavaa mwingine. Siku timu ikikosa mfadhili, hakuna anayekupigia simu.

Wharton hakuwa mvivu, na kipaji chake kilikuwa cha dunia nzima kukiona. Alijituma kwa kila njia: mbio, kriketi, mpira, baa. Alichokosa ni karatasi ya kumlinda siku miguu itakapochoka. Wakati wake karatasi hiyo haikuwepo. Chama cha kwanza cha wachezaji kilianza 1898 na kufikia 1901 kilikuwa kimekufa. Kilichodumu kilikuja 1907, yeye ameshastaafu.

Wewe una afadhali kidogo, kwa hivyo itumie. Ukiambiwa usaini, omba nakala yako. Ukinyimwa, piga picha kwa simu kabla hujairudisha. Uliza mkataba unaisha tarehe ngapi, na ukiumia nani analipa hospitali. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na miguu yako ndiyo mali yenyewe. Ukiona kocha au meneja anakasirika kwa kuulizwa hayo, ameshakujibu.

Halafu rudi uwanjani ucheze. Maji ya Mida yakianza kujaa jioni, bado kuna dakika ishirini za mwanga, na kuna kipa mmoja pale Dabaso ambaye nikimwona anavyoruka namkumbuka Wharton. Nimemwambia asome hii.