Mwalimu Aliyetutungia Sala

Bunge letu likutanapo Dodoma, wimbo wa taifa hupigwa na wabunge wote husimama. Wimbo huohuo twausikia redioni, twauona katika televisheni timu yetu ichezapo ugenini, na watoto huuimba penye mlingoti wa bendera, kutoka Mpwapwa hata Manyoni. Lakini ukiwauliza wengi ni nani aliyeutunga, watakujibu kwamba ni wimbo wa serikali. Naam, ni wimbo wa serikali. Bali kabla ya kuwa wa serikali ulikuwa sala, na mtungaji wake alikuwa mwalimu wa shule ya misioni, aliyefariki zamani kabla ya kuwapo nchi iitwayo Tanzania.

Jina lake Enoch Sontonga. Alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika ya Kusini, miongoni mwa Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, chuo mashuhuri cha misioni ya Waskoti, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Siku zile Johannesburg ulikuwa mji wa migodi ya dhahabu. Wanaume waliacha wake na mashamba wakaja kuchimba chini ya ardhi, na watu wa makabila mengi walijikuta majirani bila kujuana. Hapo ndipo Sontonga alipofundisha watoto, akaongoza kwaya, akahubiri, na apatapo nafasi akapiga picha kwa kamera. Yafaa wazazi walikumbuke jambo la kamera, maana wako wanaodhani kwamba mcha Mungu na vyombo vya kisasa haviwezi kukaa nyumba moja.

Nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa tonika solfa, zile do-re-mi wazijuazo wanakwaya wa parokia zetu. Nyingi alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika. Ubeti ni ombi la baraka juu ya bara zima, si juu ya kabila lake tu. Kiitikio ni mwito kwa Roho Mtakatifu ashuke. Mkatoliki akisikia maana yake ataikumbuka Pentekoste mara moja. Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kimethodisti, Mboweni.

Sontonga hakuishi sana. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, umri wake miaka 32 hivi, akamwacha mjane, Diana, na mtoto mmoja. Yasemekana kwamba baadaye mjane aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita. Peni sita tu! Na nani atamlaumu? Mwenye njaa huuza alicho nacho, na siku ile hakuna aliyejua thamani ya kile alichokuwa nacho mkononi.

Wimbo uliendelea na safari bila mwenyewe. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza, na mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi huko London katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Hata wenye kutengeneza sinema waliuchukua: katika Cry Freedom, filamu ya 1987 juu ya maisha ya Steve Biko, wimbo huo wasikika. Basi tuonapo santuri, redio na sinema, tusiseme upesi kwamba ni milango ya uovu tu. Kwa milango hiyohiyo sala ya mwalimu wa kijijini iliingia nyumba ambazo padre wala mchungaji hakupata kubisha hodi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wimbo ulichukuliwa kuwa wa taifa kwa maneno ya Kiswahili, Mungu ibariki Afrika. Kiitikio cha Roho Mtakatifu hakimo. Wako Wakristo wanaosikitika kwa hilo, mimi sisikitiki. Jina la Mungu limebaki, na Mwislamu wa Kondoa aweza kumwomba Mungu huyo baraka akiwa amesimama bega kwa bega na Mkatoliki wa Bihawana. Linalonisikitisha ni jingine: kwamba twaiimba sala hii kiwanjani tukichungulia simu, tukingoja filimbi ya refa, kana kwamba maneno yale hayaelekezwi kwa yeyote.

Wageni waliofika Kongwa hawakuuchukua kwa wepesi hivyo. Penye mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioshindwa mwaka 1951, wapigania uhuru wa ANC walifungua kambi yao mwaka 1964. Walikuwa mbali na mama zao, katika nchi kavu ya Ugogo, na baadhi yao walifia hukohuko wakazikwa. Lugha ya wenyeji ilikuwa ngeni kwao, lakini wimbo wa taifa wa wenyeji ulikuwa na sauti ileile ya wimbo wa chama chao, ambao kwao ulikuwa umetazamwa kama wimbo wa waasi.

Kwao nako ukawa wimbo wa taifa mwaka 1994. Ndipo watu wakaanza kuuliza mtungaji alizikwa wapi. Kaburi halikuwa likijulikana. Lilitafutwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, hata mahali pake pakatambulikana, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua ukumbusho hapo. Mwalimu alikuwa amelala bila alama kwa miaka 91.