JP na Mashine Yake

Wahindi walimwita JP tu, na waliomrudisha kwenye siasa akiwa mzee wa miaka 71 ni wanafunzi wa vyuo kama sisi. Machi 1974 wanafunzi wa jimbo la Bihar waliingia barabarani kupinga rushwa na bei kupanda. Walipomfuata Patna awaongoze, alikubali, lakini kwa sharti kwamba pasiwe na fujo.

Jina lake kamili ni Jayaprakash Narayan, aliyezaliwa 11 Oktoba 1902. Mwaka 1922 alivuka bahari kwenda kusoma Marekani, na kule hakukuwa na boom jamani: alichuma zabibu, akaosha vyombo hotelini, akahamahama vyuo ada ilipomshinda. Alirudi 1929 akaingia kwenye harakati za uhuru. Waingereza walimfunga, naye mwaka 1942 akaruka ukuta wa gereza la Hazaribagh na wenzake. Uhuru ulipopatikana, cheo hakukitaka. Alikwenda vijijini kuwahimiza wenye mashamba wawagawie wasio na ardhi. Hata sisi tunamdai kumbukumbu kidogo, maana mwaka 1962 jumuiya ya amani aliyokuwa mmoja wa wenyeviti wake watatu ilifungua kituo Dar es Salaam, kuunga mkono uhuru wa majirani zetu wa kusini.

Basi, 25 Juni 1975 alihutubia umati Delhi. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakamatwa, Indira Gandhi ametangaza hali ya hatari. Alishikiliwa Chandigarh, mpweke, wodini chini ya ulinzi. Novemba wakamwachia kwa kuwa hali yake ilitisha. Hospitali ya Jaslok, Bombay, ikakuta figo zake zimekufa na hazitarudi.

Kwa asiyejua, mashine ya kusafisha damu inavuta damu kwa mrija, inaipitisha kwenye chujio linaloondoa taka na maji yaliyozidi, halafu inairudisha mwilini. Wagonjwa wengi siku hizi huunganishwa mara tatu kwa wiki, kama muda wa saa nne kila mara. Ukiruka, maji yanajaa hadi kwenye mapafu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Yaani safari yoyote unaipanga kwa kufuata siku za mashine.

Nayajua haya kwa mama mdogo. Binti yake anaolewa Nairobi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtafutia nafasi huko. Kituo kimetaka barua ya daktari, majibu mapya ya homa ya ini B na C na ya VVU, rekodi za vipindi vyake vya mwisho, uzito wake akiwa ametolewa maji ya ziada, na malipo kabla hajafika. Bima yake haivuki mpaka. Nimepiga simu mara tatu kati ya vipindi vya darasani, na kiti bado hakijathibitishwa. Katika kuperuzi mambo ya figo na safari ndipo nikamkuta JP.

Kilichonishika ni ule mchango. Ili asibaki mateka wa hospitali ya Bombay, wananchi walichangishana apate mashine yake mwenyewe, rupia moja moja. Indira Gandhi naye akatuma rupia 90,000. JP, mgonjwa asiyeweza kumaliza wiki bila ile mashine, akazirudisha. Mama mdogo nilipomsimulia alicheka sana, akasema yeye angezipokea. Mimi pia ningezipokea, nakiri.

Uchaguzi ulipoitishwa mwanzoni mwa 1977, alipanda majukwaani kwa kadiri mwili ulivyomruhusu. Wapinzani wakashinda, na 24 Machi akawaapisha wabunge wao pale Rajghat, alipochomewa maiti Gandhi. Baada ya hapo ndipo akasafirishwa Seattle kutibiwa. Huo ndio mji ambako Machi 1960 Dakta Belding Scribner alimwekea mgonjwa mrija wa kudumu mkononi, na tangu hapo mtu mwenye figo zilizokufa akaweza kusafishwa damu miaka na miaka. Kutoka India ni safari ya kuzunguka nusu ya dunia. Ile ya 1922 alipanda meli akiwa kijana, hana ratiba ya kumwita arudi kitandani. Hii ya pili kila saa ya angani ilikuwa inakatwa kwenye muda wake kati ya kipindi na kipindi.

Serikali aliyoisaidia kuingia ilianza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Machi 1979 Waziri Mkuu Morarji Desai alilitangazia Bunge kwamba JP amefariki. Bunge likamwomboleza na kuahirishwa, kumbe mzee yupo Jaslok anapumua. Alifariki kweli 8 Oktoba 1979, Patna, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 77.

Mama mdogo anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Harusi ni Jumamosi, basi ni safari ya mchana kutwa, kwa hiyo kipindi cha Ijumaa lazima akifanyie Nairobi. Kesho asubuhi nawapigia tena.