Mama Kevina, Yatima Aliyekuwa Mama wa Wengi

Ni watu wachache sana duniani ambao majina yao hugeuka kuwa maneno ya kawaida. Huko Buganda neno kevina lilipata kutumika kwa maana ya hospitali au nyumba ya kuwatunzia wasiojiweza. Neno hilo latokana na jina la mwanamke mmoja wa Ulaya, na maisha yake ndiyo nipendayo kuwasimulieni leo. Katika shule yetu tumo Wakatoliki, Waprotestanti, Wasabato na Waislamu, wala siandiki haya kwa kulisifu dhehebu moja. Naandika kwa kuwa sisi wa Mpondwe, kuliko watu wengi, tuna haja ya kumjua mama huyu.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili, mwaka wa 1875, karibu na mji wa Arklow katika nchi ya Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki Teresa alipokuwa na umri wa miaka kumi. Basi mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa sala na wa kazi, na huyo naye akafa msichana alipofika miaka kumi na saba. Hivyo kabla hajawa mtu mzima alikuwa amezika wote waliomlea.

Alitaka sana kuwa mwalimu, lakini hakuwa na fedha za kulipia chuo. Ikambidi ajifunze kazi kwa kuwa msaidizi wa walimu huko Dublin, kisha akavuka bahari kwenda kufundisha Uingereza. Miongoni mwenu wamo wanaojua jinsi inavyouma kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Teresa aliyajua hayo kabla yenu.

Mwaka wa 1895 alijiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, karibu na London, na mwaka wa 1898 akaweka nadhiri na kuitwa Sista Maria Kevin. Shabaha yake ilikuwa kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko. Wakati ule Askofu Henry Hanlon, aliyekuwa na makao yake katika kilima cha Nsambya hapo Kampala, alikuwa akiomba masista waje kuwasaidia wanawake na watoto wa Uganda. Badala ya Marekani, Sista Kevin akaamriwa kuja Afrika. Tarehe 3 Desemba, 1902, masista sita waliondoka London: watatu wa Ireland, na mmoja mmoja kutoka Uingereza, Scotland na Marekani. Walifika Nsambya katikati ya Januari, 1903.

Hospitali hawakuikuta, wala hawakuwa na daktari. Walianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe. Na miaka ile ilikuwa miaka mibaya. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea pwani za ziwa Victoria, katika Busoga na Buganda na visiwani, na kwa miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000. Vijiji vizima vilibaki mahame, na serikali ikawahamisha watu waliosalia kutoka kandokando ya ziwa. Msomaji aweza kufikiri mwenyewe ni watoto wangapi walioachwa bila baba wala mama. Masista waliwapokea wagonjwa na wenye njaa, wakafundisha kusoma na kushona, na mwaka wa 1906 wakafungua kituo cha pili huko Nagalama.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, hospitali ya Nsambya ilipokea wapagazi wa jeshi, yaani Waafrika wale waliobebeshwa mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani. Wengi walirudi mifupa mitupu. Kwa kuwauguza hao Sista Kevin alipewa nishani ya MBE mwaka wa 1918.

Hata hivyo kazi iliyomkaa rohoni ilikuwa ya akina mama na watoto wachanga. Wanawake wengi walikufa katika kujifungua, na watoto wakafa kwa wingi. Lakini sheria ya Kanisa Katoliki siku zile iliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevina, maana ndivyo watu walivyokwisha kumwita, hakuiasi sheria wala hakukaa kimya. Mwaka wa 1919 alikuja daktari mwanamke, Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, na mwaka wa 1921 wakafungua pamoja shule ya wauguzi na wakunga hapo Nsambya, ili wasichana wa nchi hii wenyewe waishike kazi hiyo. Huku nyuma aliendelea kuwaomba wakubwa wake walibadili katazo lile. Rumi iliondoa katazo hilo mwaka wa 1936.

Nawaombeni mwangalie vizuri jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha maisha yake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Kevina hakungoja kupewa jembe, alilishika mwenyewe tangu siku ya kwanza. Tena hakutaka kulishika peke yake. Mwaka wa 1923 aliwakusanya wasichana wanane wa Kiafrika, akaanzisha nao chama cha watawa kiitwacho Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambacho makao yake yako Nkokonjeru. Waliojua maskini wa nchi hii kwa lugha na kwa desturi zao ndio walioanza kuwahudumia. Wale wanane wamekuwa mamia, nao hufundisha na kuuguza katika Uganda, Kenya na Tanzania.

Huko Nkokonjeru alianzisha pia nyumba ya kuwatunza yatima, vilema na wazee wasio na jamaa. Kwa ajili ya wenye ukoma alianzisha makao mawili, Nyenga mwaka wa 1932 na Buluba mwaka wa 1934, wakati ambapo mwenye ukoma alifukuzwa hata na nduguze. Na mwaka wa 1942 alifungua shule ya wasichana ya Namagunga, ambayo sifa zake hazihitaji kutangazwa na mimi.

Mwaka wa 1952 masista wake walifanywa shirika jipya la Wafransisko kwa ajili ya Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Alipopumzishwa kazi hiyo mwaka wa 1955 alikuwa na miaka themanini. Mtu mwingine angalikaa kivulini. Yeye alikwenda Boston, huko Marekani alikotamani kwenda ujanani, akawa akiomba michango kwa ajili ya Afrika. Haba na haba hujaza kibaba, naye alikijaza mpaka mwisho. Alifariki huko Boston tarehe 17 Oktoba, 1957. Mwili wake ulipelekwa Ireland ukazikwa, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Waliomba mama yao arudishwe, wakasikilizwa, na mwishoni mwa mwaka huo akazikwa tena Nkokonjeru. Mwaka wa 2016 Kanisa lake lilianza kuchunguza maisha yake ili, ikithibitika, ahesabiwe miongoni mwa watakatifu.

Sasa narudi kwetu Mpondwe. Sisi tuko mpakani: ukivuka mto Lhubiriha umeingia Kongo, na siku za soko watu wa ng'ambo zote mbili huuza na kununua pamoja kama ndugu, na ndugu ndivyo walivyo. Lakini njia ile ile iletayo kahawa na samaki huleta pia wakimbizi, na watoto wengine huvuka wakiwa peke yao. Mwezi wa Novemba, 1996, waasi wa ADF waliingia hapa kwa silaha. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, na watu zaidi ya arobaini wakauawa, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Kwetu sisi habari za yatima na za wazazi waliofiwa si habari za kitabuni.

Wako kati yetu wanaosoma kwa ada inayolipwa na Wakristo wa nchi za mbali, watu wasiowaona kwa macho. Nimesikia wenzangu wakiwacheka, na nimesikia wengine wakisema kwamba maadamu wafadhili wapo, sisi hatuna la kufanya. Maneno yote mawili si ya haki. Teresa Kearney mwenyewe alilelewa kwa huruma ya bibi yake na akakosa ada ya chuo, wala halikuwa jambo la aibu. Lakini aliyoyapokea hakuyafungia sandukuni. Akawapa wasichana wanane kazi ya kuwapa wengine, na ndiyo maana yeye alipokufa kazi haikufa.

Basi msaada utokao mbali ni mbegu. Ukiliwa wote leo, mwakani hatuna cha kupanda. Ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa mna mishahara na mashamba ya kahawa, kila mmoja wenu aweza kumtafuta mtoto mmoja katika kijiji chake mwenyewe, amnunulie madaftari na sare na kuuliza habari zake kila muhula. Na sisi tulio bado darasani, hata kama hatuna senti, tuna jirani aliyefiwa ambaye aweza kufundishwa hesabu jioni. Sote tuanze na yule aliye karibu.